Mtemi Aliyeibiwa Chafya

Hapo zamani, katika nchi ya Unyangoma, ambako watu walijua kulima tumbaku kabla hawajajua kugombania mipaka, alitawala mtemi mmoja jina lake Shilinde. Alikuwa mwema kiasi chake na mnene kiasi chake, naye alikuwa na pua iliyotegemewa na nchi nzima. Msomaji asicheke, ndivyo ilivyokuwa. Desturi ya Unyangoma tangu enzi za mababu ilikuwa kwamba Mtemi akiketi barazani, kwanza huletewa ugoro, akanusa kiasi cha vidole viwili, na watu wote wakakaa kimya wakiitazama pua. Akipiga chafya, watu huitikia, "Afya, Mtemi!" na aliyetangulia kufika husogea akaeleza shauri lake. Chafya moja, shauri moja. Na asipopiga, wazee husema mababu hawataki maneno siku hiyo, basi kila mtu hukunja mkeka wake akaenda zake.

Katika nchi hiyo alikuwako fukara mmoja jina lake Mihambo. Hakuwa na ng'ombe wala mbuzi, na shuka lake lilikuwa na matundu mengi kuliko nyuzi. Alichokuwa nacho ni kishamba cha tumbaku bondeni alichorithi kwa mama yake, mke jina lake Kabula aliyempenda kwa makelele, na ulimi usiojua kulala. Mama yake mwenyewe alizikwa pembeni mwa shamba lile, chini ya rundo la mawe, na Mihambo hakupita hapo bila kumwamkia.

Basi Nyampara Lutonja, msimamizi wa mambo yote ya Mtemi, alilitamani shamba hilo kwa uzuri wa udongo wake. Asubuhi moja akaja na vigingi, akavipigilia katikati ya tumbaku, akasema, "Toka hapa hadi mtoni ni kwangu."

Mihambo akauliza, "Tangu lini, Nyampara?"

"Tangu vigingi," akajibu Lutonja, akajipangusa mikono akaondoka.

Mihambo akaenda barazani kushitaki. Siku hiyo Mtemi akanusa ugoro, watu wakangoja, pua ikanyamaza. Akarudi juma la pili, pua ikanyamaza. Ikawa hivyo mara nane, na kila mara alikuta wenzake ni wale wale: bibi Nshoma mjane, aliyenyang'anywa mbuzi, mrina asali mmoja aliyepokonywa mizinga, na wengine wengi, ambao ukiwauliza mmoja mmoja aliyewaonea ni nani, wote hutazama kwanza nyuma kisha hunong'ona jina la Lutonja. Wazee walisema mababu wamenuna. Hakuna aliyekumbuka kwamba kununa huko kulianza mwezi ule ule ambao Lutonja alijitwika kazi ya kumsagia Mtemi ugoro.

Mara ya tisa, Mihambo alipata mahali pa mbele kabisa. Lutonja akafungua pembe ya ugoro, na upepo ukaleta harufu yake hadi puani mwa Mihambo. Ilikuwa harufu ya nyasi za paa. Mtemi akanusa, akakunja uso, akangoja, akashusha pumzi. Na kabla wazee hawajatoa neno lao la kila siku, ulimi wa Mihambo ukaamka.

"Mtemi, uishi miaka mingi! Mababu hawajanuna. Huo si ugoro, hiyo ni takataka ya kufukuzia nyuki."

Watu wakashika vinywa. Lutonja akaruka, "Anautukana ugoro wa Mtemi!"

"Mwache aseme," akasema Mtemi, ambaye kwa kweli alikuwa amechoka kukaa na pua isiyofanya kazi. "Eleza, fukara, na ulimi wako ujue uko mbele ya nani."

Mihambo akapiga magoti, akasema, "Bwana wangu, majani ya tumbaku hayafanani hata yakitoka shina moja. Ya chini huzaliwa kwanza na huzeeka kwanza. Hukaa kivulini mwa wenzao wakala vumbi, na nguvu yao ni haba. Ya juu hunywa jua mchana kutwa, hukomaa mwisho, na ukali wote huko ndiko uliko. Tena jani lina siku yake. Ukilichuma bichi, litakauka na ukijani wake, likuwashe koo bila kunukia. Ukilisahau likapitiliza, litakuwa jepesi kama ganda la kitunguu, halina kitu ndani. Na mbegu nayo ni neno. Kuna hii ya jani pana tuiitayo sikio la tembo, hiyo ni pole, ni ya viko vya bibi zetu. Na kuna ya jani jembamba, ulimi wa mbuzi, ambayo ndiyo ya pua. Ulioletewa wewe ni sikio la tembo, tena la chini kabisa, tena lililopitiliza. Kwa ugoro huo hata mtoto mchanga hapigi chafya."

Lutonja akacheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyebanwa. "Mmesikia? Mbegu moja, udongo mmoja, maji mamoja, kisha majani yatofautiane! Ndugu waliolelewa na chungu kimoja, huyu akawa samaki na huyu akawa ndege? Mtemi, hawa wakulima ndio wanaoiharibu tumbaku kwa uvivu, kisha wanayasingizia majani. Kama huyu ni fundi kweli, akuletee tumbaku ambayo majani yake yote yana nguvu moja."

Maneno haya yalimkaa Mtemi vizuri, maana hakuwahi kushika jembe, na mtu asiyeshika jembe huona shamba lote ni rangi moja. Akanyoosha mkono, akasema, "Naapa kwa kigoda cha baba yangu. Baada ya siku thelathini nitakuja shambani kwako, Mihambo. Kila jani litakalokutwa juu ya shina litachumwa siku hiyo, toka la chini hadi la juu, pasipo kubagua. Wazee watayakausha, kila jani lisagwe peke yake, nami nitanusa. Yakiwa na nguvu sawa, shamba ni lako na vigingi ving'olewe. Likipungua moja au likizidi mwenzake, shamba lote ni la Lutonja, nawe na mkeo mtavuka mto wala msirudi."

Mzee mmoja akakohoa, akasema, "Mtemi, lakini hukupiga chafya."

"Hili si shauri," akasema Mtemi, "hii ni adhabu ya ulimi. Adhabu haingoji chafya."

Mihambo akarudi nyumbani. Tuseme kweli, aliogopa. Alikuwa amekwenda kuomba nusu ya shamba, akarudi ameliweka lote shingoni mwa sharti ambalo hata mvua na jua havilitimizi. Na Kabula alipokwisha kusikia, akaweka mwiko chini, jambo ambalo hakulifanya ila akiwa amekasirika sana.

"Mume wangu, shamba hili tunalilima wawili. Mimi nahamisha miche, mimi napalilia, mimi nakata maua, mikono yangu ni myeusi kwa utomvu wake. Na wewe umekwenda kulitoa kwa mdomo mmoja?"

"Sikulitoa, mke wangu. Limeponyoka."

"Basi kalikamate."

Usiku huo Mihambo alilala chali akimwaza mama yake, pale chini ya mawe, akikanyagwa na wachumaji wa Lutonja, na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Asubuhi akaenda shambani, akasimama mbele ya shina moja, akalitazama toka chini hadi juu. Akalitazama tena. Akalala chini akalitazama toka huko. Kisha akatabasamu, akapapasa jani la chini kabisa kwa kidole gumba.

Lilikuwa limeanza umanjano, ncha imeinama, mshipa wa kati umekuwa mweupe. Akalikandamiza, likakatika kwa mlio safi. Akalichuma. La juu yake lilikuwa bado, akaliacha.

Tangu siku hiyo ikawa kila siku ya tatu Mihambo na mkewe hupita mistari, wakachuma majani mawili au matatu kwa kila shina, yale yaliyofikia siku yake tu, wakayatunga kambani na kuyatundika katika banda la kukaushia. Kabula alichuma huku akinung'unika. "Tunapakia mizigo ya kuhama," alisema. Mihambo alijibu, "Chuma, mke wangu, ila lile la juu kabisa usiliguse hata kwa jicho."

Lutonja alituma mtu kuchungulia, naye akarudi akasema, "Anavuna tu kama miaka yote, Nyampara." Lutonja akacheka, akasema, "Mwacheni avune. Anatafuta masurufu ya njiani."

Siku ya ishirini na nane Kabula akainua macho, akaona shamba lilivyobaki, na mara hiyo akafahamu. Akaketi palepale kwenye mfereji, akajitia ncha ya kanga mdomoni asicheke kwa sauti, mabega yakatikisika hata vikuku vikalia.

Siku ya thelathini Mtemi akaja na wazee wake, na Lutonja nyuma yao akiwa na vigingi vipya begani. Walipolifikia bonde wakasimama. Mashina yote yalikuwa matupu kama fimbo za kutembelea, na juu ya kila shina limebaki jani moja tu, jembamba, zito, limeiva rangi ya asali, likining'inia.

"Kitu gani hiki?" akauliza Mtemi.

"Ni tumbaku yako, Bwana wangu," akasema Mihambo. "Karibu uchume. Anza na jani la chini."

Mzee mmoja akasogea kwenye shina la karibu, akainama akitafuta, akainuka. "La chini ndilo lipi?"

"Ndilo hilo, babu."

"Na la juu?"

"Nalo ni hilo hilo. Mtemi alisema toka la chini hadi la juu. Chuma la chini, utakuwa umekwisha kulifikia la juu."

Lutonja akabwaga vigingi chini. "Huu ni ujanja! Majani mengine yako wapi?"

"Yako bandani yanakauka, kila moja lilichumwa siku yake," akajibu Mihambo kwa upole mwingi. "Mtemi aliapa kwa kigoda cha baba yake kwamba kila jani litakalokutwa juu ya shina litachumwa. Hakuapa nisichume kabla hajaja. Mtu akikuambia utakayemkuta nyumbani umsalimie, utakwenda kumtafuta na aliyesafiri? Nami, Bwana, sikuwa na namna nyingine. Watoto wa shina moja huwa sawa pale tu wanapokuwa mmoja."

Hapo wazee wote wakatazama chini, maana Mtemi Shilinde alikuwa na ndugu watano wa mama mmoja, na kila mtu aliikumbuka miaka ile walipokigombania kigoda. Mihambo akaulaani ulimi wake moyoni. Kisha tumbo la Mtemi likaanza kutikisika, kicheko kikapanda kifuani, kikatoka. "Watano!" akasema Mtemi. "Na hakuna wawili waliofanana hata kwa hatua! Haya, chumeni. Lakini shina na shina pia yafanane, na pua yangu ndiyo itakayoamua."

Wazee wakachuma, wakayatundika majani katika nyumba yao wenyewe chini ya ulinzi wao, wakangoja hata mshipa wa kila jani ukakauka ukavunjika. Ndipo baraza likaitishwa, nalo lilijaa hata watu wakakaa juu ya ukuta wa zizi. Kwa kuwa pua moja haiwezi kunusa shamba zima, Lutonja mwenyewe akachagua majani matatu, moja la ukingoni mwa mto, moja la katikati, moja la juu kwenye mteremko, akiwa na hakika kwamba hayawezi kuafikiana. Wazee wakayasaga mbali mbali na magadi.

Mtemi akanusa la kwanza. Pua ile, iliyokaa miezi minne ikilishwa nyasi, ikashtuka. Ikatoka chafya iliyowarusha kuku waliokuwa uani.

"Afya, Mtemi!" watu wakaitikia kwa shangwe, na bibi Nshoma mjane akasogea mbele. "Mbuzi wangu, Mtemi! Kachukuliwa na Lutonja mchana kweupe!"

"Toka hapo, mama!" akafoka Lutonja. "Hili ni jaribio, si shauri!"

Mzee wa baraza akatikisa kichwa. "Chafya ni chafya, Nyampara. Desturi haiulizi imetoka wapi."

Mtemi akanusa la pili. Chafya nyingine, nzito kama ya kwanza. "Afya, Mtemi!" Mrina asali akaingia na habari za mizinga yake. Akanusa la tatu. Chafya ya tatu, ndugu halisi wa zile mbili. Mtemi akainua kidole, macho yamemjaa maji, akasema, "Yana nguvu mo..." lakini hakumaliza. Ikaja ya nne bila ya kunusa, na ya tano ikiikanyaga kisigino. Maana majani ya juu ya ulimi wa mbuzi yaliyokomaa sawasawa si kitu cha kunusa mara tatu mfululizo, na Mihambo alilijua hilo vizuri zaidi ya alivyoonyesha.

"Afya, Mtemi!" "Afya!" "Afya, Bwana!" Na kila walipoitikia, mtu mmoja alijitokeza. Huyu alichukuliwa jembe, yule alihamishiwa mpaka, huyu alitumikishwa msimu mzima bila ujira. Lutonja akapaza sauti, "Mtemi anaumwa! Baraza lifungwe!" Mtemi akafungua kinywa ili amjibu, ikatoka chafya badala ya jibu, na shauri jingine likaingia. Chafya zilipokoma zilikuwa kumi na tisa, na mashauri kumi na tisa yamesemwa mbele ya watu, na katika yote jina lilikuwa moja.

Mtemi akajifuta uso kwa shuka. Kisha akaamuru kiletwe kikapu ambamo Lutonja alikuwa akichota majani ya ugoro. Kikaletwa, wazee wakapenyeza mikono, wakatoa majani mapana, ya manjano iliyopauka, yaliyosagika vidoleni kabla ya kushikwa. Hapakuhitajika fundi wa kuyaeleza.

"Kumbe," akasema Mtemi taratibu, "mtu huyu alikuwa ameishika pua yangu miezi minne. Na mimi nilikuwa nikiwalaumu mababu." Hasira yake ilikuwa kwa Lutonja, lakini aibu ilikuwa yake mwenyewe, na kila mtu aliiona usoni pake. Akahukumu shamba ni la Mihambo na vigingi ving'olewe, kila kilichochukuliwa kirudishwe kabla jua halijazama, na Lutonja avuliwe unyampara, aende shambani kwa Mihambo achume tumbaku msimu mzima, jani moja moja, mpaka kidole gumba chake kijue lililokomaa na lisilokomaa. Na Lutonja akaenda, akachuma, mikono ikamgeuka myeusi kwa utomvu, wala haukutoka kwa maji wala kwa majivu.

Kisha Mtemi akamwita Mihambo. "Kuanzia leo wewe ndiwe mtunza ugoro wangu. Nitakupa nyumba na ng'ombe sita."

Mihambo akawatamani wale ng'ombe, akameza mate, akasema, "Bwana wangu, ng'ombe nitawapokea, kazi siiwezi. Mimi pia nina majirani nisiopenda washitaki. Mwenye kuushika ugoro wa Mtemi hulishika baraza lote, na mkono wa mtu mmoja ni mdogo kwa kazi hiyo. Afadhali kila mwenye shauri aje na ugoro wake, wa shamba lake mwenyewe."

"Mtaniua kwa chafya!"

"Hutakufa, Mtemi. Utachoka tu."

Mtemi akacheka, akakubali. Na tangu siku hiyo hakuna mkulima wa Unyangoma aliyechuma jani bichi kwa pupa wala kuliacha likapitiliza kwa uvivu, kwani hakuna ajuaye siku ambayo atahitaji kusikilizwa.

Baraza la kwanza chini ya desturi hii mpya lilifunguliwa kwa ugoro mkali ajabu. Mtemi akapiga chafya moja nzuri, watu wakaitikia, naye akauliza, "Nani mwenye shauri?"

Kabula akasimama, mikono yake myeusi imeshika kiuno. "Ni mimi, Mtemi, namshitaki mume wangu Mihambo. Aliliweka shamba letu katika hatari mbele ya nchi nzima, pasipo kuniuliza, nami ndiye ninayelilima kuliko yeye."

Macho yote yakamgeukia Mihambo. Akafungua kinywa, akakifunga. Akakifungua tena. Ulimi uliomshinda nyampara na kumjibu mtemi ukatafuta neno huku na huko, usipate hata moja.

"Amekubali," akasema Mtemi, akilishika tumbo kwa kicheko. "Shamba ni la Kabula. Mihambo atalilima, na akitaka kulisemea tena, ataomba ruhusa nyumbani."

Hekaya imekomaa, nami nimeichuma. Mwenye kuitaka akaitundike kwake.